Masufuria ya Shirika kwenye Statut ya Adélaïde

Adélaïde hajawahi kujua kupiga kelele, na katika mji wetu huo ni ulemavu. Bukavu, ukiuza kitu lazima ukiite. Anayeuza sambaza, dagaa zetu za Kivu, huziita tangu ziwani mpaka juu ya kilima, anayeuza makala ya kupikia hugonga mlango kana kwamba nyumba inaungua, na kijana wa crédit ya simu atakufuata hata ukimwambia huna simu. Alipokuwa msichana kule Mumosho, mama yake alimtuma sokoni na beseni la avoka. Akakaa nalo nyuma ya wenzake, kimya, akingoja mtu atambue mwenyewe kwamba zile avoka zinauzwa. Alirudi nazo zote. Hadithi hiyo ametusimulia mwenyewe mara nyingi, akicheka huku amefunika mdomo kwa kitenge.

Ninamjua vizuri. Mimi ni Mama Merveille, tunakaa Nyalukemba, yeye chini ya ngazi za udongo na mimi juu yake, na tuko shirika moja. Kwetu Wakatoliki wa Bukavu, shirika ni zile nyumba za jirani zinazosali pamoja kila juma. Lakini kusali ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe inaonekana mtu akifa. Wanaume wanasimamisha hema na kutafuta viti, na sisi wanawake tunaingia jikoni. Hakuna anayeitwa. Kila mmoja anakuja na kisu chake ndani ya kitenge, anaketi, anamenya.

Masufuria makubwa ni ya shirika, tuliyanunua kwa michango, na kila moja lina msalaba wa rangi nyekundu ubavuni. Yanalala kwa Mama Marcelline, présidente wetu, ambaye hayatoi kwa harusi wala kwa ubatizo hata umpigie magoti. Ni ya kilio tu. Na kuna jambo ambalo mgeni halijui: kwenye kilio, anayeletewa sahani ni mgeni. Sisi wa jikoni tunakula mwishoni, tumesimama, kwa mkono, kutoka kwenye sufuria, tukigombania ukoko. Ukiona umeletewa sahani na kijiko, ujue wewe si wa nyumba.

Sasa nirudi kwa Adélaïde. Anapika. Sisemi hivyo kwa sababu ni jirani yangu. Nina jirani wengi wanaopika na sitii mdomoni. Sombe yake, majani ya muhogo tu, inakufanya unyamaze. Mume wake, Ezéchiel, anafundisha huko Mwenga na anarudi likizo tu, kwa hiyo nyumba inasimama kwa mikono ya mke: samosa za ofisini, keki za komunio, sambaza za kukaanga kwa wanaokunywa bia. Wateja walikuwa walewale, wachache, waliomjua kwa mdomo. Ndoto yake ilikuwa kuwa traiteur, mtu anayeitwa kulisha salle nzima ya harusi, na jina lake limeandikwa kwenye aproni. Ndoto hiyo aliniambia mimi tu, na aliniambia akiwa amegeukia ukuta.

Ndipo akaja Ornella, mtoto wa dada yake, amemaliza masomo ya marketing, kucha ndefu, simu mbili. Siku hiyo nilikuwa nimeshuka kuomba moto wa makala, nikakuta darasa.

"Tantine, unapika kupita ba traiteur yote ya Ibanda, mais nani anajua?" Ornella alikuwa anasema. "Weye na Mama Merveille."

"Na Mungu," nikasema mimi.

"Mungu hana commande, Maman." Mtoto ana mdomo, huyo. "Tantine, statut ya WhatsApp njo soko ya sasa. Kila mutu mwenye iko na namba yako anaona. Hauite mutu, haubishe mulango. Mais inaomba plan. Usitiye kila siku picha moja, batu batachoka. Lundi, onyesha soko: tomate ya Kamanyola, ndizi ya Mumosho, bajue unachagua bya muzuri. Mercredi, mikono yako iko inapika. Kama unaona haya, usionyeshe sura. Vendredi, sahani imepambwa. Na samedi, preuve."

"Preuve ya nini?" Adélaïde akauliza.

"Ya kama uko na capacité. Mutu wa harusi hatafute samosa, tantine. Anatafuta masufuria kubwa, moto mingi, batu mingi bako banakutumikia."

"Mi nitapata wapi masufuria kubwa?"

"Itakuya. Fête ya kwanza yenye utapika, piga video."

Niliondoka na makala yangu nikifikiri kwamba ni maneno ya shule tu. Lakini Jumatatu iliyofuata nilifungua simu na kukuta tomate za Adélaïde, zimelowa maji, zinang'aa, na chini yake jina: Chez Adé. Jumatano, mikono yake inakunja samosa. Ijumaa, samaki amelala juu ya sahani nyeupe na limau mdomoni. Kumbe alikuwa akibonyeza kutuma halafu anakwenda kujificha chumbani, simu ameiacha jikoni, kana kwamba watu wangetoka ndani yake. Jioni alipanda ngazi mbiombio.

"Mama Merveille, banaona! Banasema inaleta njaa! Mutu moja wa kule Panzi anauliza kama nafanyaka ya mingi."

Sijawahi kumwona hivyo. Mwanamke ambaye hakuweza kuita avoka zake alikuwa anaita mji mzima, na hakuna aliyesikia sauti yake. Nilimfurahia kweli. Nilimwonea na wivu kidogo, kwa sababu simu yangu mimi haina hata nafasi ya picha.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi ilipita bila preuve, ule ushahidi wa uwezo. Alipiga picha ya sufuria lake kubwa kuliko yote kutoka chini, ili lionekane refu, na bado lilionekana lilivyo, sufuria la familia. Ornella akampigia simu kumwambia kwamba mpango wenye tundu ni kama ndoo yenye tundu, na kwamba watu wataanza kumwona mwuzaji wa samosa wa kawaida.

Kisha Papa Christophe akafa.

Papa Christophe alikuwa mwalimu mstaafu na ndiye aliyetufundisha kuimba, sisi wote, hata mimi niliye na sauti ya bata. Tansheni, shinikizo la damu, ilimwangusha asubuhi moja akinyoa ndevu. Tulifika kabla maji hayajachemka. Kaka zake Adélaïde waliteremsha ndizi kutoka Mumosho, Mama Marcelline akatoa masufuria, tukawasha mioto mitatu nyuma ya nyumba. Mjane, Mama Anne-Marie, alikuwa ameketishwa sebuleni juu ya godoro chini, ameegemea ukuta, na mlango wa kutokea jikoni ulikuwa wazi ili joto litoke. Alikuwa anatazama mbele yake tu. Ukimpa maji anakunywa, ukimnyang'anya kikombe anaachia.

Tukiwa tunamenya, Mama Chantal, mwenye sauti nene kuliko sisi sote, akaanzisha ule wimbo wa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, ambao Papa Christophe alikuwa anaupenda. Tukauchukua. Wengine walikuwa wanalia ndani ya wimbo, wengine wanakoroga. Nikamwona Adélaïde amesimama, ameinua simu.

"Bamama, mukaze tu, musiniangalie," akasema, macho kwenye kioo. "Ni souvenir ya familia."

Souvenir ya familia! Tukajiweka sawa. Mimi mwenyewe nilifunga vizuri kitambaa changu cha kichwa, nikakoroga bugali kwa heshima, maana nilijua watoto wa marehemu walioko mbali watataka kuona. Alizunguka moto wote, akapita juu ya masufuria, juu ya mikono, juu ya mgongo wangu, na ninaposema mgongo ninajistahi. Hakukosa kitu.

Video hiyo aliituma kwa Ornella. Akamwambia ni kazi ya bamama wa shirika, bila kusema kazi gani, na Ornella hakuuliza. Akaikata, akatoa sauti yetu, akaweka muziki wa kucheza, ule uliokuwa ukipigwa kila nganda ya bia, akaandika juu yake: Chez Adé, Traiteur. Équipe yetu iko kazini kwa furaha yako. Halafu akamrudishia.

Haya yanayofuata Adélaïde aliniambia mwenyewe baadaye, nami namwamini kwa sababu hakuna mtu anayejitungia aibu ya namna hiyo. Aliitazama asubuhi ya Jumamosi, siku ya mazishi, akiwa amevaa tayari kitenge cha kilio. Aliuona msalaba mwekundu kwenye sufuria. Aliuona mlango ulio wazi, na ndani yake, padogo, pembeni, godoro na Mama Anne-Marie. Akajiambia kwamba hakuna atakayetazama pembeni. Akajiambia pia kwamba ni Jumamosi, na kwamba Jumamosi ni ya capacité. Akabonyeza, akatia simu kwenye mkoba, akaja misani na sisi, akakaa karibu na mlango kama desturi yake.

Tulikuwa makaburini. Padri ameinua mkono, jeneza liko kwenye kamba, kimya cha kusikia udongo. Nyuma yetu kulikuwa na kijana mmoja wa ukoo, wale wasioweza kukaa dakika bila kufungua simu. Akafungua. Sauti ilikuwa juu kabisa. Ngoma ikalia, gitaa likafuata, mtu akapiga ukelele wa kuita watu uwanjani, pale, juu ya kaburi la Papa Christophe.

Kijana akahangaika kuizima, ikazidi. Walio karibu naye wakainama kumsaidia, na wakaona kilichokuwa kwenye kioo. Nikaona nyuso zinageuka moja moja. Hazikugeuka kwa kijana. Zilimgeukia Adélaïde. Yeye alikuwa ametambua tangu pigo la kwanza la ngoma, kwa sababu alikuwa amesimama amejishika shingo, macho kwenye viatu vyake.

Hakuna aliyesema neno. Watu hawajui Bukavu. Wanadhani sisi ni wa kelele tu. Tunapiga kelele kwa mambo madogo. Mama Marcelline alipita mbele yake wakati wa kurudi, akamsalimu, "Mama," basi, akaendelea kupanda kilima na rozari yake. Ningekuwa mimi, ningetaka kofi.

Alasiri ile Adélaïde alifuta kila kitu. Kwenye statut, kwenye Facebook, kwenye simu, kwenye lile pipa la simu ambamo vilivyofutwa vinakaa kidogo kabla ya kwenda kabisa. Akampigia Ornella kwa kilio afute na ya kwake, ile ya kwanza na ile iliyokatwa. Ornella, ndipo alipoambiwa kwamba ni kilio, naye akalia, akafuta vyote. Lakini ile ya kucheza ilikuwa imeshachukuliwa na watu, imetumwa Goma, imetumwa Uvira, na vijana wanaokaa penye ngazi waliipiga kila alipopita na ndoo ya maji. Akawa anateka maji alfajiri. Hakuweka tena tomate, wala samosa, wala chochote.

Na hapa ndipo mambo yanapoudhi. Video ilifanya kazi.

Bwana mmoja wa Kamanyola, anaitwa Steve, alipiga simu. Anamwoza mdogo wake, wageni wengi, ameona ile équipe, kikosi cha jikoni. Adélaïde alinipandishia simu ile kwangu, akaiweka tusikie wote wawili.

"Mama, mi sitafute traiteur ingine. Nataka ileile équipe yako, bale bamama bote, na zile masufuria zenye ziko na musalaba. Inaonekana bako banapika na roho."

"Nitakuambia, Papa Steve," akasema, akakata.

Kisha akanitazama. Alikuwa anataka niseme kwamba inawezekana. Hiyo harusi ilikuwa aproni yenye jina, ilikuwa ndoto yote imekuja kwa mguu wake mpaka mlangoni. "Mama Merveille, kama ningebaomba bamama? Vizuri, kila moja apate haki yake."

Nilimjibu. Sitayarudia hapa kwa sababu ninapokea komunio. Nilimwambia kwamba nimekoroga bugali ya marehemu na yeye amenifanya mchezaji wa nganda. Akashuka ngazi bila kuaga.

Akaenda hata hivyo kwa Mama Marcelline, akasimama kwenye kizingiti. Mama Marcelline alikuwa anachagua maharagwe, na hakuacha.

"Ile siku hatukukuwa mu kazi, Adé. Tulikuwa mu kilio," akamwambia. "Na machozi ya Anne-Marie, utaitia bei gani kwa facture?"

Adélaïde akampigia yule bwana. Akamwambia ile haikuwa équipe yake, masufuria si yake, wale ni bamama wa shirika na waliyekuwa wakimpikia alikuwa marehemu. Bwana Steve akasema pole, mama, kwa sauti ya mtu anayetaka kuweka simu chini, na hakupiga tena.

Baadaye tukapata kilio kingine, mama mzazi wa Philémon, yule fundi wa ukuta. Nilijua Adélaïde atakuja. Alikuja mapema kuliko wote, amekaa kwenye kigogo cha jikoni, kisu kimechomoza kwenye kitenge. Mama Marcelline alifika, akamwona, akaenda hemani, akarudi amebeba kiti cha plastiki chenye mikono.

"Mama Adé, karibu kwa wageni. Huku kuna moshi."

Akaongozwa mpaka hemani kwa adabu zote, akaketishwa kati ya shemeji za marehemu. Na chakula kilipoiva, sahani yake ilipakuliwa vizuri, nyama mbili, kijiko juu, kitambaa cha karatasi kimekunjwa pembetatu. Nikaambiwa mimi nipeleke. Nilikuwa bado nina hasira kwa ajili ya mgongo wangu, kwa hiyo nilipeleka, tena kwa mwendo wa madaha.

Alipoona ni mimi alinyoosha mikono yote miwili, kama inavyopaswa. Huwezi kukataa chakula cha kilio. Akala. Alikula polepole, mpaka mwisho, mbele ya watu, na kila tonge nililiona linavyoshuka. Hasira yangu ilinitoka palepale nikabaki na haya ya kumtazama mtu mzima akila namna ile. Nilirudi jikoni nikashindwa hata kugusa ukoko.

Kwa hiyo siku chache baadaye nilishuka kwake, nikisingizia kurudisha kichungio ambacho nilikuwa nacho tangu Pasaka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekiweka mezani wakati mlango ulipobishwa. Alikuwa Mama Anne-Marie, amevaa nguo za ujane, amekuja peke yake kwa miguu katika tope la mvua. Adélaïde akapiga magoti papo hapo kwenye sakafu.

"Simama," Mama Anne-Marie akasema. "Sikukuya kwa ile." Akaketi. Akapumua, maana ngazi zetu si za mjane. "Adé, ile siku mi sikusikia kitu. Nilikuwa pale, mais masikio haikukuwa. Banasemaka muliimba ile ya Christophe."

"Tuliimba, Maman."

"Ile yenye batu banatumiana, banatia muziki juu. Mi nataka ya kwanza, yenye iko na sauti yenu. Ulisemaka ni souvenir ya familia. Familia njo miye. Nimekuya kuichukua."

Nilitazama kichungio. Adélaïde aliishika simu yake kwa mikono miwili.

"Nilifuta."

"Yote?"

"Yote. Na Ornella alifuta. Maman, niliona haya. Sikutaka mutu aione tena."

Mama Anne-Marie alikunja pembe ya kitenge chake, akaikunjua. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Miye naiangaliaka ile ya kucheza," akasema. "Nafunga sauti, naangalia midomo yenu. Nilifikiri siku moja utaniletea ile ingine." Kisha akanyanyuka, akashika ukuta, akatoka.

Adélaïde hakulia. Alikaa kwenye sakafu akishika simu yake, anaipapasa kila mahali, pipa la simu, kadi ya kumbukumbu, ujumbe wa zamani, kana kwamba kitu kinaweza kuwa kimejificha kwa kumhurumia. Nilimwacha atafute. Hakukuwa na kitu.

Shirika lilipokutana wiki ile, kwa Mama Marcelline, tulisali, tukasoma, tukauliza nani ana la kusema. Kwa kawaida ni mimi. Safari hii Adélaïde akasimama pale karibu na mlango, akasema kitu kwenye kitenge chake.

"Hatusikie," Mama Marcelline akasema.

Akarudia. Hatukusikia. Jasho lilikuwa linamtoka puani, mwanamke huyu aliyeshindwa kuita avoka, na nikamwomba Mungu amsaidie au amwangushe, kimojawapo.

"Nilisema uongo!" Ikatoka kubwa mno, hata mtoto wa nyumba ya jirani akaanza kulia. "Nilisema souvenir, ilikuwa publicité ya biashara yangu. Nilijua. Nilimuona Maman Anne-Marie mu mulango, na nikatuma. Sasa anakuya kulomba sauti ya wimbo wa bwana yake, na miye niliifuta juu ya kuficha sura yangu. Nawalomba muimbe tena. Mi sitakuwa ndani. Muimbe tu, juu yake."

Mama Marcelline alipanga shanga zake za rozari mezani, akazichukua tena.

"Siku ya kuondoa matanga tutaimba," akasema. "Simu atashika Mama Merveille."

Siku ya kuondoa matanga ilikuwa Jumamosi. Mjane alivua nguo nyeusi, akavaa kitenge kipya, misa ikasomwa, tukarudi nyuma ya ile nyumba na masufuria yetu. Nilishika simu ya Adélaïde kwa mikono miwili, yeye amesimama mbali, karibu na bidoni za maji. Tukaimba. Tuliimba vizuri, nasema kweli. Lakini tulikuwa tumefanya mazoezi. Mama Chantal alikuwa amehamia Kinshasa kwa mtoto wake, na hakuna mwingine mwenye ile sauti nene. Hakuna aliyelia ndani ya wimbo, kwa sababu miezi ilikuwa imepita na watu walikuwa wameshashona nguo za sherehe.

Tulipomaliza, nilimpelekea Mama Anne-Marie simu. Aliiweka sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, sisi tumesimama na miiko yetu mikononi. Akanirudishia.

"Ni muzuri," akasema. "Aksanti, bamama. Siyo ile, mais ni muzuri. Munitumie."

Adélaïde alisikia. Nilimwona anapokea yale maneno, "siyo ile," na nikajua atayabeba mpaka siku tutakayompikia yeye. Akageuka. Nilidhani anakwenda nyumbani. Badala yake akaketi kwenye kigogo, akatoa kisu kwenye kitenge, akavuta gunia la ndizi mbele yake, akaanza kumenya bila kuinua macho. Nilimtazama Mama Marcelline. Mama Marcelline alikitazama kile kiti cha plastiki chenye mikono, kilikuwa pale karibu, mtu angeweza kukishika.

Akapita kando ya kiti, akaenda kuangalia moto.

Wageni walihudumiwa hemani, sahani zikaenda, zikarudi. Adélaïde alimenya gunia lile lote, akaosha, akapika, akasugua. Kila sahani iliyopakuliwa niliifuata kwa macho nione inakwenda wapi. Mwishoni tukalizunguka sufuria la wali, Mama Marcelline akakwangua, akagawa ukoko, kila mkono na kipande chake. Hakuna aliyemletea Adélaïde sahani. Alikula amesimama, kwa mkono, machozi yanaingia mdomoni pamoja na wali, na sisi tukaendelea kugombania kilichobaki.